Mtoto Haji Kliniki Peke Yake

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu)

Wanangu, karibuni. Nawaita hivyo kwa sababu wengi wenu mna umri wa watoto niliowapokea kliniki wakiwa mgongoni mwa mama zao. Leo tunazungumza habari za mtoto mwenye VVU, mwenye kifua kikuu, yaani TB, na yule aliyebeba vyote viwili. Kubwa ninalotaka mtoke nalo ni hili: mtoto haji kliniki peke yake, huletwa. Asipoletwa hayumo kwenye daftari, na asiyekuwamo kwenye daftari hatibiwi.

Kwa takwimu za mwaka 2022 za UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, katika kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU duniani, 77 walikuwa wanatumia dawa. Watoto walikuwa 57 tu. Na mtoto ndiye asiyeweza kungoja, kwani waliozaliwa na virusi wasipotibiwa, karibu nusu yao hawafikishi miaka miwili. Februari 2023 nchi 12 za Afrika, Tanzania yetu ikiwamo, ziliahidi pale Dar es Salaam kuumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo 2030. Watakaoitimiza ahadi hiyo ni ninyi.

Niwasimulie kosa letu. Zamani, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, alikuja baba anakohoa. Tukapima makohozi, tukakuta TB, tukamwanzishia dawa, tukamsifu kwa kuwahi. Hakuna aliyemuuliza analala chumba kimoja na nani. Baada ya miezi mitatu mkewe akaleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, shingo imekakamaa, macho hayafuati kitu. TB ilikuwa imeingia kwenye utando wa ubongo. Mtoto hakupona. Na yule baba tulikuwa tunamwona kila alipofuata dawa! Nilikuwa mmoja wa waliokaa pale mezani, na sijasahau.

Kwa hiyo mtu mzima akikutwa na TB, ulizeni watoto wa nyumbani kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Mwenye dalili achunguzwe. Asiye na dalili apewe dawa ya kinga, hasa akiwa chini ya miaka mitano au ana VVU. Kovu la chanjo ya TB begani lisiwatulize.

Mtaniambia mtoto mdogo hatoi makohozi. Kweli, anayameza. Lakini alichokimeza kitatoka, na ndiyo maana siku hizi kinyesi cha mtoto hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, bila kumpitishia mpira puani hadi tumboni. Ila sikilizeni vizuri: majibu yakisema hakuna vimelea, msimfukuze mama. Vimelea vya mtoto ni vichache, mashine inaweza kuvikosa. Rudini kwenye kadi ya kliniki, mtazame mstari wa uzito. Mtoto aliyeacha kuongezeka uzito, anakohoa, na nyumbani kuna mgonjwa wa TB, huyo ameshawaeleza mengi.

Habari njema zipo. Utafiti wa SHINE uliwafuatilia watoto 1,204 wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, ukaonyesha kuwa kwa TB isiyo kali miezi minne ya dawa inatosha badala ya sita. Kwa mama anayepanda daladala mbili kufuata dawa, miezi miwili si kitu kidogo. Na dawa za VVU nazo zimebadilika. Nimemwona bibi akifukia chupa ya dawa ya maji kwenye mchanga uliolowa chini ya mtungi kwa sababu hana friji, na dawa yenyewe chungu, mjukuu anaitema ukutani. Leo kipo kidonge cha dolutegravir cha miligramu 10 kinachoyeyuka kwenye maji kidogo, kina ladha ya stroberi. Ila mtoto huyo akianza dawa za TB zenye rifampisini, apewe dolutegravir asubuhi na jioni, si mara moja kwa siku, maana rifampisini huipunguza nguvu mwilini. Bibi mwelekezeni kwa chai ya asubuhi na chakula cha usiku, ataelewa.

Sasa vijana. Tangu 2019 sheria yetu inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Zimbabwe wana mpango uitwao Zvandiri, yaani "kama nilivyo" kwa Kishona, ambao vijana wenye VVU wanafundishwa kuwatembelea wenzao nyumbani. Naupenda sana. Lakini kijana hawezi kusaidiwa na wenzake kwa jambo ambalo mwenyewe hajaambiwa.

Nilikuwa na msichana wa miaka 14, yuko shule ya bweni. Bibi yake alimwambia vidonge ni vya kifua, ila mtu asivione. Msichana wa umri huo anajua kuwa dawa za kifua hazifichwi. Akajaza pamba kwenye kopo ili vidonge visilie akitembea, baadaye akaacha kumeza. Wingi wa virusi ukapanda. Mara tatu tulimkalisha kumpa nasaha za ufuasi wa dawa, na mara zote tatu hatukumwambia dawa ni za nini.

Siku tuliyomwambia, bibi alikuwepo. Msichana hakulia. Alimgeukia bibi yake akauliza, "Na mama alikuwa nayo?" Bibi akajibu ndiyo. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akafungua kopo, akaanza kutoa pamba, akiziweka juu ya meza yangu.