Mlango wa Uani: mshauri wa afya ya akili anapatikanaje Google?

MPWA: Shikamoo mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mpwa wangu. Leo umekuja na kompyuta na sura ya mtu anayedaiwa.

MPWA: Deni lipo, tutalifikia. Msikilizaji mgeni, huyu ni mjomba wangu kweli, kaka yake mama, na sisi watu wa kusini tunajua mjomba ana sauti gani nyumbani. Ni muuguzi mstaafu wa wodi ya akili, sasa ana chumba chake cha ushauri nasaha hapa Shangani, Mtwara. Mimi natengeneza tovuti. Madirisha yako wazi, kwa hiyo bodaboda zikipita mtatuvumilia.

MJOMBA: Tufunge madirisha na joto hili? Wavumilie tu.

MPWA: Mjomba, mwaka jana ulinipigia simu umefura. Hebu waambie ulisemaje.

MJOMBA: Nilisema nimetapeliwa. Nilimlipa kijana anitengenezee tovuti. Akatengeneza, nzuri, ina marangi. Miezi sita ikapita, aliyenipigia kupitia ile tovuti ni mtu mmoja tu, naye alikuwa anauza matairi.

MPWA: Hukutapeliwa. Tovuti ilikuwepo. Ila kichwa cha ukurasa, yale maandishi makubwa ya kubonyeza yanayotokea kwenye matokeo ya Google, kilikuwa "Nyumbani".

MJOMBA: Nyumbani. Basi.

MPWA: Neno moja. Sasa mtu akiona "Nyumbani" atajuaje kama ni mshauri, seremala au mwenye gesti? Halafu ukifungua, picha ya kwanza ni mama wa kizungu amekaa kwenye kochi ameshika kichwa.

MJOMBA: Yule mama nilishamzoea. Jirani yangu aliniuliza kama ni mfadhili.

(Kicheko)

MPWA: Kazi ya kuifanya tovuti ipatikane watu wa fani wanaiita SEO. Kwa kifupi, Google ina roboti zinazopita kwenye kurasa za intaneti, zinasoma, zinaweka kumbukumbu. Mtu akiuliza kitu, inachambua kumbukumbu hiyo na kupanga nani atangulie. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine una uzito kuliko usiotajwa na mtu.

MJOMBA: Kama mashahidi barazani.

MPWA: Hasa. Na shahidi anayeheshimika anazidi wapita njia kumi. Leo vipimo ni vingi sana, lakini hicho hakijafa. Ndiyo maana nilikwambia usinunue vile vifurushi vya "viungo elfu moja kwa bei poa", yaani kulipia tovuti nyingine zikutaje. Hao ni mashahidi wa kukodi, na Google inawakataza. Ukitajwa kwenye tovuti ya chuo ulikokwenda kutoa mada, au redio ya hapa iliyokuhoji, inatosha kuanzia.

MJOMBA: Mimi lililoniuma ni la maneno. Niliandika kwa mkono wangu, "Huduma bora za afya ya akili, tiba ya sonona na changamoto za kihisia." Sonona ndiyo ile huzuni nzito isiyoondoka. Nikajiona nimeandika.

MPWA: Ulikuwa umenakili cheti chako. Ndipo nikakuuliza, mtu akikaa kwenye kile kiti, sentensi yake ya kwanza ni ipi?

MJOMBA: Na hapo ndipo nilipokamatika. Miaka yote wodini, na sasa hapa, sikumbuki mtu aliyeanza na "nina sonona". Anasema, "Silali." Anasema, "Kichwa kimejaa." "Moyo unanienda mbio usiku." "Sina hamu, hata chakula nakiangalia tu." Mzazi anakuja na habari za mtoto, tangu arudi likizo hatoki chumbani. Mwingine anakwambia ana presha, ukipima presha ni ya kawaida kabisa. Wapo wanaoanza na jini, nami siwacheki, maana hilo ndilo jina ambalo tatizo lilipewa nyumbani kabla hawajafika kwangu.

MPWA: Na maneno hayo hayo ndiyo anayoandika kwenye simu saa nane usiku. Hawezi kutafuta "sonona" kama hajui kwamba alichonacho kinaitwa hivyo. Tukakaa siku mbili mezani kwako. Mimi naandika nusu ya sentensi kwenye Google, "moyo kwenda mbio…", naiacha imalizie yenyewe. Yale mapendekezo yanayoshuka chini yanatokana na mambo ambayo watu wameshayatafuta. Ni bure, na kwa mji kama wetu nayapenda kuliko programu za kulipia zinazohesabu maneno. Nyingi zimejengwa juu ya Kiingereza, ukiziuliza Kiswahili zinakupa sifuri, wakati watu wanatafuta kila siku.

MJOMBA: Ukanipa kazi ya nyumbani. Niandike ukurasa mmoja, kichwa "Moyo kwenda mbio usiku na kukosa usingizi".

MPWA: Na ulianzaje? Maana hapo mwenzangu mmoja wa fani alisema umeharibu biashara.

MJOMBA: Nilianza kwa kumwambia akapime. Presha, wingi wa damu, tezi ya shingo. Hiyo tezi ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unakimbia, usingizi unakatika, mikono inatetemeka, na mtu akaambiwa ni mawazo tu. Hospitali wakishasema mwili hauna shida, ndipo tuzungumze habari ya wasiwasi. Sasa huyo mwenzako alitaka nimdanganye mgonjwa aje kwangu kwanza?

MPWA: Kumbe ndicho Google wanachokitaka. Wana mwongozo wa kurasa zaidi ya mia moja kwa watu wanaowalipa kukagua ubora wa matokeo. Humo, mambo ya afya na fedha yamewekwa kundi la peke yake, kundi la "fedha zako au uhai wako". Ukurasa wa mapishi ya pweza ukikosea, umekula pweza mgumu. Ukurasa wa afya ukikosea, mtu anaumia. Kwa hiyo wanaangalia mambo manne, uzoefu, utaalamu, kutambulika na kuaminika. Uzoefu waliuongeza Desemba 2022. Alama za wale wakaguzi hazikupandishi wala kukushusha moja kwa moja, ila zinaonyesha mitambo inatengenezwa ielekee wapi.

MJOMBA: Ndiyo maana ukanilazimisha kuweka sura yangu.

MPWA: Sura, jina kamili, umesomea nini, umefanya kazi miaka mingapi, na tarehe ukurasa ulipoandikwa au kurekebishwa. Yule mama wa kochi tukamuaga. Nilikuta tovuti nyingi za ushauri zina maneno mazuri ila hujui nani kayaandika. Mtu ambaye usiku wa leo anafikiria kukuambia siri ya miaka ishirini anataka kuona uso.

MJOMBA: Kuna jambo moja mimi nilikukatalia, liseme hapa.

MPWA: Liseme wewe.

MJOMBA: Uliniambia kuna maneno yanatafutwa na watu walio ukingoni, waliochoka na uhai wenyewe. Nikasema hayo hatuyafukuzii kibiashara. Mimi simu nazima saa nne usiku, mzee nalala. Nimwite mtu mlangoni halafu akute kufuli? Badala yake tumeweka mstari juu ya kila ukurasa: kama uhai wako au wa mwenzako uko hatarini sasa hivi, usinisubiri mimi, usikae peke yako, mwamshe aliye karibu mwende hospitali. Kwa hapa mjini, Ligula.

MPWA: Na nilikubali. Sikuwa nimelifikiria, nilikuwa naangalia namba.

MJOMBA: Haya, sema ya ramani. Hiyo niliipenda.

MPWA: Ramani ya Google ndiyo iliyoleta simu za kwanza. Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara yako kwenye ramani hiyo, ni bure, unajaza jina, aina ya huduma, saa, simu, picha, halafu wanathibitisha kwamba upo kweli, siku hizi mara nyingi kwa kukutaka urekodi video ya mahali. Wenyewe Google wanasema matokeo ya karibu yanapangwa kwa mambo matatu, huduma yako inafanana kiasi gani na kilichoulizwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Nafasi hiyo huwezi kuilipia.

MJOMBA: Yule kijana wa tovuti ya kwanza alinishauri niwe na ukurasa wa Masasi, wa Newala, wa Tandahimba, wa Nanyumbu, wa Lindi. Maneno yale yale, anabadilisha jina la mji tu.

MPWA: Na ofisi unayo moja, Shangani. Google inazihesabu hizo kama kurasa za ulaghai. Mbaya zaidi, mtu anatoka Newala kwa nauli yake, anaulizia ofisi ya Newala ambayo haipo. Bora ukweli, "Nipo Mtwara Mjini, wa mbali tunazungumza kwa simu, panga siku." Na tukapunguza uzito wa picha. Mtu yuko shamba la mikorosho Tandahimba, mtandao unasuasua, bando la kupima, halafu ukurasa unataka kupakua picha yenye uzito wa wimbo mzima! Google nao tangu 2023 walishakamilisha kuhamia kwenye kusoma tovuti kwa sura ya simu kwanza, ya kompyuta baadaye.

MJOMBA: Sasa nyota.

MPWA: Aa, nyota. Mjomba alitaka kugawa soda.

MJOMBA: Soda tu! Ukimaliza mazungumzo, ukaridhika, unaniwekea nyota tano, unakunywa soda. Mwenye mgahawa anafanya.

MPWA: Hata mwenye mgahawa haruhusiwi. Google inakataza maoni yaliyonunuliwa kwa zawadi. Lakini kwako kuna zaidi ya hapo. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia wa Marekani zinakataza kumwomba ushuhuda mteja ambaye bado unamtibu.

MJOMBA: Na nilipotulia nikaona wana haki. Mtu aliyelia mbele yangu jana, leo nikimwomba nyota, ataninyima vipi? Si hiari hiyo. Na akiandika, jina lake linabaki pale, Mtwara nzima isome.

MPWA: Mtwara tunavyojuana! Sasa akiandika mwenyewe bila kuombwa, hasa akikulalamikia, mwiba uko kwenye kujibu. Ukijibu "Asante mama kwa kuja Jumanne", umeshatoa siri. Ukijitetea "Wewe hukuhudhuria miadi miwili", umetoa siri mbili.

MJOMBA: Jibu letu tuliliandika likabandikwa ukutani. "Kwa sababu ya usiri hatuthibitishi wala kukanusha nani amefika kwetu. Mwenye jambo atupigie." Basi, hata kama nimetukanwa. Inauma, lakini basi.

MPWA: Na hapa ndipo deni langu, mjomba. Ile fomu.

MJOMBA: Fomu ina nini?

MPWA: Kwenye tovuti ya zamani palikuwa na kisanduku "Eleza tatizo lako kwa kirefu", na ndani ya ukurasa kijana alikuwa ameweka msimbo wa Facebook wa kufuatilia wageni, ili baadaye uwarushie matangazo. Wewe hukujua. Mimi nilijua nikachelewa wiki tatu kuutoa. Naomba radhi.

MJOMBA: Kwa hiyo mtu akifungua ukurasa wa kukosa usingizi, Facebook anajua?

MPWA: Anaweza kujua. Marekani kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, BetterHelp, mwaka 2023 ilibanwa na tume ya biashara ya serikali kwa kupeleka taarifa za wateja kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi usiri. Wakatakiwa kulipa dola milioni 7.8. Na kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Fomu nimeing'oa, msimbo nimeutoa. Kimebaki kitufe cha kupiga na cha WhatsApp, na ujumbe unaoanza wenyewe unasema tu, "Habari, naomba miadi."

MJOMBA: Hilo la ujumbe lilikuwa wazo la mkeo, eh, la shangazi yako. Ulimi!

MPWA: La shangazi kweli. Alisema simu nyingi nyumbani zinashikwa na watu wawili, watatu, na ujumbe unatokea juu ya kioo hata hujafungua. Ndiyo maana hata vichwa vya kurasa tulivipima upya. Kichwa kinabaki kwenye kumbukumbu za simu. Mtu asikute mkewe anamuuliza, "Matibabu ya wazimu Mtwara, hii nini?"

MJOMBA: Unajua, wiki iliyopita alinipigia mtu. Hakuniuliza bei, hakuniuliza nimesomea wapi. Aliniona kwenye ramani. Swali lake la kwanza, "Hapo kwako kuna mlango mwingine zaidi ya huo wa barabarani?"

MPWA: Ukamwambia?

MJOMBA: Nikamwambia upo, wa uani, unapita kwenye mwembe. Akasema, "Basi nitakuja."

MPWA: Kwenye ramani kuna picha tano, zote za mbele. Kibao, barabara, kibao.

MJOMBA: Ndiyo nakwambia.

MPWA: Kesho nakuja tupige ya uani.

MJOMBA: Njoo asubuhi, jua likipanda pale hapapigiki picha. Na upite kwa jirani umwombe afunge mbuzi wake.