Chai Kwenye Kaniki: Kugonga Mihuri Kwenye Karatasi Nyeusi

Kamweneee! Haya asanteni, naona hadi wa kutoka Mbeya mmeitikia, leo mmekuwa Wahehe kwa muda.

Sogeeni mbele jamani, haka kabaridi ka Iringa hakataki watu wakae mbalimbali, alafu sauti yangu yenyewe ndo hii. Nimeambiwa niongelee mihuri kwenye karatasi nyeusi, kwa ajili ya hizi diari zetu za sanaa ambazo unaandika kidogo, unachora kidogo, unabandika tiketi ya basi, maisha yanaenda. Ntaanza na aibu yangu. Siku nlipopata daftari la kurasa nyeusi nlifurahi sana, nikachukua pedi ya bluu, hii hii ya ofisini, nikagonga ua langu nlilochonga kwenye raba, nikaangalia, hamna kitu. Nikagonga tena mpaka meza ikalia. Ukiinamisha daftari kuelekea dirishani unaona kama mafuta yamemwagika, basi. Nikautukana mhuri, kumbe maskini hauna kosa.

Kosa ni wino. Wino wa pedi za ofisi rangi yake imeyeyuka kabisa, kama chai ya rangi, na kwenye karatasi nyeupe ubluu unauona kwa sababu mwanga unapita kwenye wino, unagonga ule weupe wa chini, unarudi machoni. Sasa chini kukiwa kweusi mwanga unamezwa, urudi na nini? Ni kumwaga chai kwenye kaniki, doa unalitafuta hulioni. Lakini mwaga uji kwenye kaniki uone, mtaa mzima utajua umekunywa uji. Kwaiyo tunachotaka ni uji, wino au rangi yenye chembechembe zinazokaa juu ya karatasi na kuifunika. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa huku huku kusini, Tunduru, alipoanza kuchora Dar mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta za baiskeli kwenye hadibodi, na rangi ile inafunika kweli, ndo maana madoa ya chui wake yanakaa juu ya rangi ya nyuma bila kuzama.

Pedi nyeupe za chembechembe zipo, ila kwa mikoa yetu unaagiza na kusubiri. Mi natumia rangi nyeupe ya maji, ya ukutani, ile inayobaki kwenye kopo fundi akishaondoka. Unakata kipande cha sponji ya godoro, unachovya kidogo, unakikausha kwanza kwenye gazeti, alafu unagusisha mhuri taratibu. Usiuzamishe! Rangi ikiingia kwenye mifereji, ua linatoka kama chapati. Gonga mara moja, nyanyua juu moja kwa moja, na mhuri uoshe hapo hapo kwa maji na mswaki wa zamani, ukiuacha unywe chai kwanza rangi imeshakuwa plastiki na mifereji imeziba. Mhuri wenyewe chonga kwenye raba au kwenye ndala iliyokatika, ila michoro iwe minene, vistari vyembamba kwenye nyeusi vinapotea.

Na subirini ikauke. Mwezi wa saba hapa kitu kinachukua muda, mi nimeshaharibu kurasa kwa kidole tu. Alafu nyeupe ikiwa mbichi inang'aa, ikikauka inafifia kidogo, usishtuke.

Sasa kupaka rangi, na hapa ndo penye utamu. Watu wanachukua penseli nyekundu wanapaka juu ya nyeusi, inatoka kama damu ya juzi. Anza na penseli nyeupe. Paka nyeupe pale unapotaka mwanga ugonge, paka kwa nguvu, kisha juu yake ndo weka nyekundu au njano, utaona inaamka. Pembeni ya petali bonyeza kidogo, katikati kabisa ya ua usiguse, acha weusi wa karatasi. Ule weusi ndo kivuli chako, umeshapewa bure. Kwenye karatasi nyeupe tumezoea kuchora giza, hapa unachora mwanga, na akili inagoma siku mbili tatu hivi. Mi nlifanyia mazoezi maua ya Kitulo, ile hifadhi ya juu huko wanayoiita Bustani ya Mungu, yale maokidi ukiyaweka kwenye nyeusi ni kama umeyamulika tochi usiku. Mwisho kabisa kalamu ya jeli nyeupe, vidoti viwili vitatu vya umande. Viwili vitatu nimesema, sio surua.

Kuna mama ameuliza kuhusu jiki. Ndio, unaweza kugonga na jiki, inakula rangi ya karatasi na kuacha kahawia au rangi ya machungwa, inapendeza sana. Ila sio kila karatasi nyeusi inakubali, nyingine hata uimwagie kopo zima inakuangalia tu, kwaiyo jaribu pembeni kwanza. Fungua dirisha, na usije ukachanganya na dawa ya choo, ule moshi unaua mtu.

Na wewe kijana wa nyuma uliyeuliza kuhusu ile poda, ile unayoinyunyiza kwenye wino mbichi alafu unaiyeyusha kwa joto ili picha iinuke, drai ya nywele haiwezi, joto lake dogo na upepo wake utakupeperushia poda yote hadi kwa jirani. Shika karatasi juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo, joto litokee chini, ukiona poda imeanza kung'aa toa haraka.

Haya, masponji yako kwenye ndoo ya bluu, rangi ni kopo moja tu kwaiyo msigombane. Dada wa sweta, fungua hilo dirisha.