Nipe Mji: Mfuko wa Vitendawili vya Kubaleghe

SHANGAZI: Assalaamu alaykum wasikilizaji. Mimi Shangazi, niko hapa Ng'ambo, Unguja, na Ami kashuka na boti ya asubuhi kutoka Pemba. Vyereje, Ami?

AMI: Waalaykumu salaam. Salama, ila bahari haikuwa na huruma. Nimekuja na karafuu za mama, na ule mfuko.

SHANGAZI: Mfuko ndio habari ya leo. Kwa wasiotujua, mimi na Ami ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Sasa mkijua tunachokuja kukizungumza, mtafahamu kwa nini leo hatutazamani.

AMI: Mimi nautazama ukuta.

SHANGAZI: Utazame vizuri. Kazi yangu mimi ni michoro ya kompyuta. Mwenzangu anasomesha skuli ya msingi kule Wete, na jioni yuko chuoni, chuo cha Kurani. Mwaka mzima tunahangaika: kitu gani ukiweke ndani ya nyumba ya Kizanzibari, mzazi na mwanawe wazungumze habari za kubaleghe, za mwili, mpaka za ndoa, bila ya mmoja kukimbia?

AMI: Na waliokuwa wakikimbia si watoto.

SHANGAZI: Wazazi! Tulianza na programu ya simu. Nilijiona mjanja kweli. Kila wiki mama anapata ujumbe wa kumfungulia mazungumzo. Sasa wifi yetu yuko Darajani, kampa muuza samaki simu amwandikie namba yake, ujumbe ukatoka juu ya kioo: "Je, mwanao ameanza kuota ndevu na nywele za kwapa?"

AMI: Muuza samaki akajibu, "Bado, mama, mdogo huyo."

SHANGAZI: Hakujibu hivyo, usiongeze chumvi. Lakini wifi aliifuta programu palepale. Na tuseme kweli, simu ya mama ndani ya nyumba si ya mama. Ni ya watoto kutazamia katuni. Tukaiacha. Tukaja na kadi, za rangi, karatasi ngumu, kila moja ina swali. Nikazipeleka nyumba moja Jang'ombe. Bibi wa nyumba akazishika, akazipindua. "Karata haziingii humu." Nikamwambia, si karata bibi, ni maswali. "Zinachanganywa?" Zinachanganywa. "Zinagaiwa?" Zinagaiwa. "Basi ni karata."

AMI: Huyo bibi angefaa kuwa kadhi.

SHANGAZI: Ndiye aliyetufundisha, lakini. Nilipokuwa nafunga virago akaniuliza, "Na kwani mama ndiye wa kumwambia mtoto mambo haya? Somo yake yuko wapi?" Nikakaa tena kitako.

AMI: Waeleze vijana somo ni nani.

SHANGAZI: Msichana akivunja ungo hakuwa akifundishwa na mamake. Alikuwa akikabidhiwa somo, mwanamke mzima asiyekuwa mamake, akamweleza usafi, hedhi, namna ya kujitunza. Halafu unyago. Marehemu Bi Kidude dunia ilimjua kwa taarabu, mpaka alipofariki Aprili 2013, lakini wanawake wa hapa walimjua pia kwa ngoma ya unyago. Mambo yale yalipigiwa ngoma, yakaimbwa, yakafumbwa. Mama na mtoto hawakuwekwa uso kwa uso hata siku moja. Na sisi ndiyo tulivyokuwa tukifanya: mkalishe mama hapa, mtoto pale, swali katikati kama polisi.

AMI: Na kwa wavulana pengo ni kubwa zaidi. Zamani jandoni kulikuwa na mafunzo. Siku hizi mtoto anatahiriwa hospitali angali mchanga, kidonda kinapona, basi. Wa kumfundisha ni nani? Wenzake nyuma ya skuli, na simu.

SHANGAZI: Ndipo ulipokuja na vitendawili.

AMI: Vilikuja vyenyewe. Msimu wa karafuu, usiku, nyumba nzima imezunguka jamvi inachambua. Unakamata kichala, unakisokota kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Vidole vinanata, vinaingia weusi. Hakuna anayemtazama mwenziwe, kila mtu macho kwenye fungu lake. Na mtu akichoka tu, utasikia: kitendawili!

SHANGAZI: Tega!

AMI: Nikasema, kumbe mahali tunapo na mchezo tunao. Tulichokosa ni vitendawili tu.

SHANGAZI: Basi tukachukua masalio ya kanga kwa fundi cherehani, tukakata vipande ukubwa wa kiganja, kila kimoja kitendawili, jibu limeandikwa ndani ya pindo. Kanga imezoea kusema ambalo mdomo hauwezi, kwa hivyo hakuna aliyeishangaa. Tega kimoja, Ami.

AMI: Jana nilikuwa zumari, leo nimekuwa ngoma.

SHANGAZI: Sauti ya mvulana. Changu: mgeni wangu hapigi hodi, na kila mwezi njia anaijua.

AMI: ...Ukuta huu umepakwa rangi vizuri.

SHANGAZI: Hedhi, Ami! Unasomesha fiqhi wewe!

AMI: Ninasomesha, ndiyo. Na hapo nina la kusema. Wazazi walituambia watoto bado wadogo. Mwongozo wa UNESCO wa elimu ya jinsia, uliorekebishwa 2018, unaanza na miaka 5, wakaona hayo ya Wazungu. Vyema, tuyaache. Chukua Safinatun Najah, kitabu cha mwanzo mwanzo chuoni. Alama za kubaleghe ni tatu: kutimiza miaka 15, mvulana na msichana, kuota usingizini na kutokwa na manii, wote wawili, kuanzia miaka 9, na hedhi kwa msichana, kuanzia miaka 9. Mtoto anaihifadhi kwa moyo kabla hajaota jino la mwisho, halafu nyumbani anaambiwa nyamaza. Madaktari nao wanasema mwili wa msichana huanza kubadilika baina ya miaka 8 na 13, mvulana 9 na 14. Wanakaribiana sana na kitabu.

SHANGAZI: Na ndiko tulikopata majina. Maana hilo lilitushinda kabisa, viungo tuviiteje? Kila nyumba ina kidudu chake. Mtoto akienda kumwambia mwalimu "fulani kanishika kidudu", mwalimu anatafuta mdudu.

AMI: Chuoni tunasema tupu ya mbele na tupu ya nyuma. Mtoto wa miaka 7 anajua ukigusa tupu kwa kiganja, udhu umetenguka. Neno lina heshima yake na bibi halimtii aibu. Tumelitumia hilo.

SHANGAZI: Sasa eleza usiku wa kaka.

AMI: Kaka yetu mkubwa, mtoto wake ana miaka 12. Tumekaa jamvini, kaka katoa kitambaa, kakisoma kimoyomoyo, nikaona shingo inamtoka jasho. "Kitendawili." Tega. "Nililala sina deni, nimeamka nadaiwa josho." Kimya. Mtoto mikono imepunguza kasi. Kaka akasema, nipe mji. Mtoto akampa Chake.

SHANGAZI: Na ukishapewa mji, lazima ujibu.

AMI: Ndiyo mtego wenyewe, mdaiwa sasa ni baba! Kaka akaanza: nimekwenda Chake, nikala nikashiba, nikapita Mkoani, nikapanda boti, nikafika Unguja, nikatembea Forodhani... Mkewe kule jikoni akapiga kelele, "Fika basi!"

SHANGAZI: Maskini kaka.

AMI: Akafika. Akasema, macho kwenye makonyo, "Ni kuota. Ukiamka nguo imeloa, hukuugua wala hukukojoa. Umekua. Unakoga janaba, unaswali." Mtoto akachambua vichala vitatu vinne. Halafu akauliza, taratibu: "Na kama umefunga Ramadhani, saumu imeharibika?" Kaka akamwambia haiharibiki, umelala, hukukusudia. Kimya tena. Ndipo tukajua.

SHANGAZI: Maana wifi alikuwa akijisifu kwa majirani, mwanangu anafunga sunna za Jumatatu na Alhamisi.

AMI: Alikuwa akilipa. Miezi, peke yake, analipa deni ambalo hakuwa nalo. Kaka alinyanyuka akasema anakwenda kutazama kama mvua inakuja. Hakukuwa na wingu.

SHANGAZI: ...Ngoja nipige chai funda moja.

AMI: Kunywa.

SHANGAZI: Haya. Tulipogombania ni hapa: mimi nataka mfuko mmoja, kaka na dada wajue mambo ya wote. Mvulana asiyejua hedhi ndiye atakayemcheka mwenziwe darasani kwa doa la sketi.

AMI: Na mimi nasema vifuko viwili, vitendawili vilevile. Ukiwachanganya ndugu jamvi moja, hakuna atakayefungua mdomo. Tutazame sisi wenyewe, mpaka sasa hujaniona uso.

SHANGAZI: Sikubali, lakini kwa sasa vimeshonwa viwili. Kitambaa kimoja tu hakina fumbo. Tulikuwa na "Nyumba yangu mlango mmoja, ufunguo ninao mwenyewe", nikakitoa. Mtoto aliyeumizwa asikae kufumbua. Kimeandikwa wazi: mtu yeyote, hata wa nyumbani, akikugusa tupu na kukwambia usiseme, sema. Mwambie mtu mzima unayemwamini, asipokusikia mwambie mwengine, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Na mzazi ajue kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitali, Mnazi Mmoja kimoja kipo, daktari na polisi unawakuta pamoja.

AMI: Na kitambaa kitupu?

SHANGAZI: Enhe! Kila mfuko una kipande kisichoandikwa, mtoto atege chake. Mfuko mmoja umerudi kutoka Wete, nakisoma, hati ya penseli: "Kina ndevu, kinajua kila kitu, ukikiuliza kinakohoa."

AMI: Nakupa mji. Chukua Micheweni.

SHANGAZI: Baba.

AMI: [anakohoa]