Silabusi Iko Frankfurt, Mwanafunzi Yuko Katuba

Walimu wetu, ndugu wanafunzi, na nyinyi wamama na wababa mliotoka kazini mkapitia hapa kabla ya kurudi nyumbani: asanteni sana. Nimeombwa nieleze namna ya kuunganisha hifadhi ya wingu na mtandao wa usambazaji, ule ambao mafundi huuita CDN. Nitatumia mfano wa silabusi na video za masomo, maana hivyo ndivyo vitu ambavyo vijana wa Lubumbashi wanahangaika kuvipakua.

Tuchukue mwalimu aliyerekodi somo la saa moja. Video yake ina MB 400. Ameiweka kwenye Amazon S3, hifadhi ya wingu ya kampuni ya Amazon, na alipotakiwa achague kituo, akachagua Frankfurt. Mwanafunzi yuko Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa mstari ulionyooka, toka hapa hadi Frankfurt ni kilomita 7,000 na zaidi kidogo. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri karibu kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 70 kwa uchache. Waya wenyewe unazunguka, basi hesabu halisi inazidi hapo. Na faili haiji kwa safari moja. Simu na seva kwanza zinafungua mawasiliano, halafu zinakubaliana ufunguo wa siri, ndipo simu iombe faili. Safari tatu kabla hujaona chochote! Ukinunua seva yenye nguvu mara kumi, safari hizo zinabaki vilevile.

CDN inaweka nakala karibu na msomaji. Kazi hii kampuni ya Akamai waliianza mwaka 1998; Amazon walileta S3 mwaka 2006, na CloudFront, mtandao wao wa usambazaji, mwaka 2008. CloudFront ina vituo Johannesburg, Cape Town na Nairobi. Johannesburg iko kama kilomita 1,600 kutoka hapa. Mwanafunzi wa kwanza akiomba video, kituo kinaifuata Frankfurt, kinampa, na kinabaki na nakala. Wa pili hadi wa mia tano wanahudumiwa kutoka Johannesburg.

Fedha nazo zinabadilika. Wanafunzi 500 kwa MB 400 ni GB 200. Kwa bei ya kawaida ya S3 ya Ulaya na Marekani, GB 100 za kwanza kwa mwezi ni bure, kisha unalipa karibu senti 9 za dola kwa kila GB: hapo ni dola 9 kwa somo moja. Data inayotoka S3 kwenda CloudFront haitozwi, na CloudFront kwa malipo ya kawaida inakuachia TB 1 bure kila mwezi. Kwa mwalimu anayelipa kutoka mfukoni mwake, hilo si jambo dogo.

Sasa kuunganisha kwenyewe. Ndani ya CloudFront unafungua usambazaji mpya, unautajia hifadhi yako kuwa ndiyo chimbuko, unaweka jina la kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako, na cheti chake cha usalama. Hapo ndipo wengi wanasimama na kusema kazi imekwisha. Mimi nasema ndipo inapoanza, na nawaomba tukae hapa kidogo.

La kwanza ni kufunga mlango wa nyuma. Hifadhi ikibaki wazi kwa umma, anwani yake ya S3 itasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu watapakua moja kwa moja toka Frankfurt, utalipa, nao watangoja. Tangu Aprili 2023 hifadhi mpya za S3 zinazaliwa zimefungwa, msizifungue. Ipeni CloudFront peke yake ruhusa ya kusoma, kwa maombi yenye saini. Halafu msishtuke mkiona jibu 403, yaani "huruhusiwi", kwa faili ambayo kumbe haipo: hifadhi iliyofungwa haimwambii mtu asiye na ruhusa ya kuorodhesha kama kitu kipo au hakipo. Kagueni tahajia ya jina la faili kabla ya kuvuruga ruhusa.

La pili, na ndilo linalonigusa zaidi, ni umri wa nakala. Usiposema kitu, kwa mpangilio wa kawaida CloudFront inashika faili saa 24. Fikirieni ratiba ya mitihani. Asubuhi imebadilishwa, faili mpya imewekwa kwa jina lilelile, na mtoto wa Ruashi bado anaona ya jana. Anakosa mtihani! Mfumo mzima umefanya kazi sawasawa, ila hakuna aliyeuambia ratiba ni kitu cha kubadilika. Kwa hiyo unapopandisha faili, andika umri wake. Ratiba: `Cache-Control: max-age=60`, yaani sekunde 60. Video isiyobadilika: `max-age=31536000, immutable`, yaani mwaka mzima, na ukiirekebisha uipe jina jipya, `somo3-v2.mp4`. Kufuta nakala kwa amri kunawezekana, njia 1,000 za kwanza (yaani anwani za faili za kufutwa) kila mwezi ni bure, lakini amri hiyo haifiki ndani ya simu ya mtu. Jina jipya linafika. Alama za mitihani wekeni `private, no-store`, yaani nakala isitunzwe, na zipitie kwa viungo vyenye saini na muda wa kuisha.

Jipimeni wenyewe. Kwenye kompyuta andikeni amri `curl -I` na anwani ya faili, mara mbili; inaonyesha maelezo ya jibu bila kupakua faili. Mara ya kwanza mtaona `X-Cache: Miss from cloudfront`, yaani nakala haikuwepo kituoni, mara ya pili iwe `Hit`, yaani ipo. Ikibaki `Miss`, tazameni mkia wa anwani, yale yanayofuata alama ya kuuliza: kiungo kilichopita Facebook huongezewa `fbclid`, na kama mmeruhusu mkia uhesabiwe, kila mtu anaonekana ameomba faili tofauti.

Mama pale nyuma ameuliza: mega zetu je, zitapungua? Mama, swali lako ni zuri sana. MB 400 zinazotoka Johannesburg ni zilezile MB 400 kwenye fofeti, yaani kifurushi cha mega, cha mwanao. CDN inaharakisha, haipunguzi. Mega zinaokolewa na mambo mawili. Kwanza ule umri tulioandika, kwa sababu simu nayo inaweza kutunza picha na kurasa za silabusi bila kuziomba tena. Pili ni mwalimu mwenyewe. Somo la ubao na sauti halihitaji picha ya ukubwa wa sinema. Picha ya mistari 480 (480p) inatosha kabisa, na sauti peke yake iwekwe kando kwa asiye na mega za video. Walimu mliokuja na rekodi zenu, fungueni mashine, tuanze na hizo.