Risasi Ifanane na Dada Yake: Mhadhara kwa Walenga Shabaha Wapya

Shikamooni wakubwa. Na wengine, hamjambo.

Kabla sijaanza, kisanduku hiki kizunguke mkono kwa mkono. Ndani mna risasi kumi za milimita 9. Hazina baruti wala fataki, ni za kufundishia tu, kwa hiyo asiogope mtu. Tatu kati yake zina kasoro. Atakayeziona kwa macho aziweke kando, tutaulizana baadaye.

Nimeombwa niseme juu ya kujaza risasi kwa mkono, yaani kuunganisha mwenyewe ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kinachoruka, na kuchagua vifaa vya mashindano ya bastola. Wengi huanza na swali la mashine: ninunue presi ipi? Mimi nawarudisha nyuma hatua moja: unashindana mchezo gani? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama unahitaji presi hata kidogo.

Chukua bastola ya hewa ya mita 10, ile ya Olimpiki. Inatumia hewa iliyobanwa na vijirisasi vya milimita 4.5. Hakuna baruti, hakuna ganda, hakuna cha kujaza. Au chukua mashindano ya mita 25 yanayotumia kalibari ya .22. Risasi ile ina dawa yake ya kuwashia ndani ya ukingo wa kitako, na ukishaipiga, ganda limekwisha kazi. Kama moyo wako uko huko, hela ya presi itumie kwingine: nunua risasi za aina tatu au nne, zipige ukiwa umeegemeza mkono, uone bastola yako inaipenda ipi, kisha nunua hiyo kwa wingi, za toleo moja la kiwandani.

Kujaza risasi kunaanza kuwa na maana kwenye bastola zenye fataki katikati ya kitako, na hasa kwenye mchezo wa IPSC, ule wa kukimbia na kupiga. IPSC, yaani shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ilianzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, huko Marekani. Hesabu yake ni alama ulizopata kugawanya kwa sekunde ulizotumia, basi kila kitu kinachokurudisha haraka kwenye shabaha baada ya mlio kina thamani. Hapo ndipo risasi ya kujaza mwenyewe inapoingia, na hapo pia ndipo penye sheria ambayo wageni huipuuza: kigezo cha nguvu.

Kigezo hicho ni hesabu ya darasa la nne. Uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, zidisha kwa mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1000. Daraja la chini la nguvu linaanzia 125. Kichwa cha greni 124 kikienda futi 1050, unapata 130.2. Kichwa cha greni 147 kikienda futi 900, unapata 132.3. Zote mbili zinapita. Lakini ukizipiga hazifanani mkononi. Ile nyepesi inakupiga kofi, ile nzito inakusukuma bega kama mtu anayepita kwenye foleni. Wengi wa daraja la chini hupenda ule msukumo, na mimi nimo. Wenye bastola za daraja la wazi, zile zenye tundu za kutolea moshi mbele ya mtutu, wanataka kinyume chake: kichwa chepesi na baruti nyingi inayoungua polepole, kwa sababu zile tundu haziwezi kuushikilia mtutu chini zisipopata moshi wa kutosha. Kwa hiyo mtu wa daraja moja akikusifia mchanganyiko wake, muulize kwanza anapigia bastola gani.

Usikae juu kabisa ya mstari wa 125. Kwenye mashindano makubwa watachukua risasi zako, wang'oe kichwa kimoja wakipime, na nyingine wazipige mbele ya kronografu, mashine ya kupima mwendo wa risasi. Mwendo wa baruti unabadilika na joto na baridi, na kronografu yao si yako. Ukionekana na 124.6, unaruhusiwa kuendelea kupiga, ila alama zako hazihesabiwi. Umesafiri, umelala ugenini, umepiga siku mbili bure. Mimi nalenga 130 au 131, nalala usingizi.

Sasa msinitegee vipimo vya baruti. Sitataja hata kimoja leo, na ukisikia mtu anakutajia jukwaani au kwenye simu, msikilize kwa adabu kisha kavitafute kwenye kitabu cha kiwanda kilichotengeneza baruti hiyo. Kalibari ya milimita 9 ina ganda dogo. Kichwa kikizama milimita moja tu kuliko ilivyoandikwa, nafasi ya ndani inapungua na mgandamizo unapanda kwa kiasi ambacho bastola yako haikuombwa kukibeba. Anza na kipimo cha chini cha kitabu, panda kidogo kidogo, huku kronografu ikiwa mbele yako. Na kabla ya yote hayo, hakikisha leseni yako inakuruhusu kujaza. Kuna nchi ambako kuwa na bastola ni ruhusa moja na kugusa baruti ni ruhusa nyingine.

Haya. Kisanduku kimefika wapi? Safu ya tatu. Mmepata mbili? Subirini.

Niwaambie kilichonipata. Mwaka wangu wa pili wa kujaza, nilikuwa na presi ya kuvuta mara moja hatua moja, na kibao cha mbao chenye mashimo 50. Nikawa natia baruti, ganda la kwanza, la pili, la tatu. Simu ikalia. Nikaongea dakika mbili, nikarudi, mkono ukaendelea pale ulipodhani uliachia. Wiki mbili baadaye niko uwanjani, natembea na mpangilio wa shabaha, nikavuta triga, na badala ya mlio nikasikia "pu", kama mtu kafungua chupa. Mwili ulishafundishwa kwamba bastola ikigoma unavuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, uendelee. Nilikuwa nimekwisha kuivuta, risasi mpya imeingia, kidole kinarudi kwenye triga, ndipo msimamizi wa uwanja aliponipigia kelele ambayo bado naisikia. Tulipofungua bastola, kichwa kilikuwa kimekaa katikati ya mtutu. Fataki peke yake, bila chembe ya baruti, ilikuwa imekisukuma hadi pale. Risasi inayofuata ingekigonga kwa nyuma, na sijui leo ningewapungia mkono upi.

Tangu siku hiyo mezani pangu kuna taa inayoinama. Kila kibao kikijaa, namulika maganda yote 50 kabla sijaweka kichwa hata kimoja. Baruti ifike usawa mmoja kote, kama chai iliyomiminwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Simu iko chumba kingine. Nikikatizwa, ganda nililokuwa nalo mkononi namwaga baruti yake na kuanza upya. Na ndiyo sababu nachagua baruti yenye umbo kubwa, inayojaza zaidi ya nusu ya ganda: nikiitia mara mbili inafurika mezani, nami naona. Baruti ndogo ndogo zinasifiwa kwa kuokoa hela, lakini kwenye ganda hilohilo unaweza kutia mara mbili isionekane. Sizitaki. Chupa moja tu ya baruti mezani, nyingine zikae kabatini, kila moja kwenye chombo chake cha asili.

Turudi kwenye maganda. Wageni wanaokota kila kitu uwanjani kama kuku. Chambueni. Kuna maganda ya .380 yanayojificha katikati ya yale ya milimita 9, unene karibu uleule, lakini urefu ni milimita 17 na kidogo badala ya 19. Kuna ya chuma na ya alumini, hayo yaacheni. Chungulia ndani kwa tochi: ukiona tundu moja katikati, hilo ni la mtindo wa Boxer, linajazwa. Ukiona vitundu viwili, ni mtindo wa Berdan, litakuvunjia sindano ya kutolea fataki. Kichekesho ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani ndio walioshika mtindo wa Mwingereza.

Fataki mpya ikishaingia, pitisha ncha ya kidole kwenye kitako. Iwe imezama kidogo tu kuliko usawa. Ikiwa imejitokeza, pigo la kwanza la sindano linaimalizia kukaa badala ya kuilipua, nawe uko katikati ya mpangilio unasikia "tak" huku saa inatembea. Ikikataa kuingia usiilazimishe. Itoe, angalia tundu.

Sasa mikono juu: nani kaziona tatu? Hakuna? Sawa, wewe dada, njoo hapa mbele. Huu ni mtutu wa bastola yangu, nimeutoa. Dondosha hizo risasi kumi ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, moja moja. Sikilizeni mlio.

Tok. Tok. Tok. Mlio mkavu, inaingia hadi mwisho na ukigeuza mtutu inaanguka yenyewe. Endelea. Hiyo je? Imesimama, kitako kimebaki nje. Itazame mdomo wa ganda: haukubanwa vizuri, umebaki umetanuka kama ua. Ganda hupanuliwa mdomo ili kichwa kiingie, na kazi ya kalibu ya mwisho ni kuurudisha tu mahali pake. Kwenye milimita 9, ni mdomo huohuo unaoizuia risasi isizame mno ndani ya chemba, kwa hiyo ukiubana kupita kiasi nao ni kosa. Hiyo nyingine ina kichwa kilichokaa juu mno, imegusa mifereji ya mtutu. Sasa hiyo ya tatu ambayo hamkuiona. Inaingia vizuri, siyo? Nipe. Naikandamiza kichwa chake kwenye ukingo wa meza, kwa nguvu ya dole gumba. Pima sasa urefu wake na kalipa, kile kipimo cha taya mbili. Imepungua karibu milimita nzima. Ganda halikushika. Kila bastola inapoisukuma risasi hii kutoka magazini, kichwa kinagonga njia ya kuingilia na kuzama. Macho hayakuiona, wala chemba haikuikataa, na kati ya hizi tatu ndiyo mbaya kuliko zote.

Ndiyo maana nasema risasi ifanane na dada yake. Nguvu utaiongeza kwa kugeuza skrubu. Kufanana kunatafutwa kwa mizani inayokaguliwa na jiwe lake la uzito kila baada ya risasi 20 au 30, kwa kalipa, na kwa kuudondosha huo mzigo wote ndani ya mtutu kabla ya mashindano. Wote, bila kuchagua. Mimi hutumia jioni nzima, redio ikiwa imezimwa.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Bastola ichaguliwe na mkono: ukiishika sawasawa, nyama ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kuuzungusha mkono. Isome kanuni kabla ya kununua. Daraja la Standard la IPSC bastola lazima iingie kwenye kisanduku cha milimita 225 kwa 150 kwa 45, na nimeona mtu akitolewa kwa sababu ya kitako cha magazini kilichozidi. Kwenye bastola ya hewa, uzito wa kuvuta triga usipungue gramu 500 na uzito wa bastola usizidi gramu 1500. Mkanda uwe mgumu, usijipinde. Ala ya kubebea bastola ifunike triga yote. Magazini ziandikwe namba, ili ile inayogoma ijulikane.

Miwani na kinga ya masikio hayana mjadala. Najua mmeiona picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, Paris mwaka 2024, medali ya fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan, mkono mfukoni, miwani ya kawaida. Watu wakasema vifaa ni mbwembwe. Mtazameni tena mkononi: ameshika bastola iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano. Mkono mfukoni ni namna ya kuutuliza mwili, wengi wa mita 10 hufanya hivyo. Alichoacha ni kile ambacho hakikumfaa yeye.

Na mnawe mikono, kwa sabuni na maji ya baridi, kabla ya kugusa chakula. Vumbi la mashine ya kusafishia maganda lina risasi, madini yenyewe, iliyotoka kwenye fataki. Wenye watoto nyumbani, mashine hiyo isikae sebuleni.

Kuna swali? Ndiyo, kijana wa nyuma. Anatumia mkono wa kushoto, anauliza kama inafaa ajifunze kulia kwa sababu vifaa ni vya kulia. Hapana. Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza kupiga kwa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi London 1948, na Helsinki 1952 tena. Wewe unao huo mkono tayari. Tafuta bastola ambayo kitufe cha magazini kinahamishika upande wa pili, agiza ala ya kushoto mapema maana huchelewa kufika, na uwanjani mwambie msimamizi kabla hujaanza, ili ajue asimame upande gani. Presi ibakize kama ilivyo. Mkono wa kulia uvute mpini, wa kushoto uweke vichwa. Utatupita sisi sote, maana sisi kichwa tunakiweka kwa mkono usio na akili.

Njooni mezani sasa, watatu watatu. Chupa za chai ziacheni hukohuko.