Andika kwanza herufi inasimamia nini

Walimu wenzangu, nimelisema hili kwenye semina nyingi na leo nalirudia, maana madaftari ninayosahihisha ni yaleyale. Mwanafunzi ukimpa milinganyo miwili iliyokwisha kuandikwa, anaondoa herufi moja, anapata jibu, safi kabisa. Mpe fumbo la maneno, anakwama. Nasi tunakimbilia kumwongezea mazoezi ya kuondoa herufi! Shida yake haiko huko.

Chukueni fumbo la kitabu cha hesabu cha Sunzi, cha China ya kale: ndege na sungura wamo kizimba kimoja, vichwa 35, miguu 94. Mtoto anaanza na n na s. Mwulizeni n ni nini. "Ndege." Hapo ndipo panapoharibika. Ndege hajumlishwi na sungura. Kinachojumlishwa ni idadi. Akiandika "n ni idadi ya ndege, s ni idadi ya sungura", basi n + s = 35 inakuja yenyewe, na miguu nayo: 2n + 4s = 94. Gawanya huo wa pili kwa 2, upate n + 2s = 47. Toa wa kwanza: sungura 12, ndege 23.

Msiseme ni utoto. Huko Marekani, John Clement na wenzake waliwapa wanafunzi wa uhandisi wa chuo kikuu sentensi moja: wanafunzi ni mara sita ya maprofesa. Zaidi ya theluthi walikosa, na wengi wa waliokosa waliandika 6w = p badala ya w = 6p. Herufi w kwao ilikuwa mwanafunzi mwenyewe, si idadi. Chuo kikuu, jamani!

Najua yupo atakayesema: "Mwalimu, la sungura mbona linatatulika kichwani?" Kweli. Wote wangekuwa ndege, miguu ingekuwa 70, imezidi 24, kila sungura anazidisha miwili, wako 12. Nalifundisha hivyo pia, na nalipenda. Lakini katika Sura Tisa, kitabu kingine cha Wachina, limo fumbo la nafaka za aina tatu, na pale ilibidi namba zipangwe kwa safu. Kichwa peke yake hakifiki mbali.

Mafumbo ya umri na ya mwendo yana matatizo yake, hasa dakika kuchanganywa na saa, ila muda umeniishia. Ninachoomba: mwongozo wenu wa kusahihishia utenge alama kwa ule mstari wa kwanza, wa maana ya herufi, hata kama jibu la mwisho limekosewa.