Jina la Kuazima Halijengi Nyumba: Mhadhara Kuhusu Bukit Lawang

Assalaam alaykum, ndugu zangu, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mambo matatu: kuishi, kuwekeza na kusafiri katika Bukit Lawang, kijiji cha msituni katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Nitaanza na kuwekeza, maana ndiko kunakowaliza watu. Mlionisikia mwaka jana mtanivumilia. Bado napigiwa simu na watu wanaoniuliza, "Nimepata mwenyeji mwaminifu, je, nikiandikisha kiwanja kwa jina lake kuna ubaya?" Kama swali bado linaulizwa, na mimi bado nitasema.

Bukit Lawang iko wilaya ya Langkat, kaskazini mwa Sumatra. Kutoka mji wa Medan ni saa tatu au nne kwa gari, na njia karibu yote ni mashamba ya michikichi na mipira. Ukifika mwisho michikichi inakatika, mto Bahorok unajitokeza, na ng'ambo yake ni msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Gunung Leuser. Wakazi wake ni Wakaro, Wamalai, na Wajava ambao mababu zao waliletwa kufanya kazi mashambani enzi za ukoloni wa Waholanzi. Mtu wa Unguja akitua pale atanusa doriani na kuona shokishoki zimeshona mtini, atajihisi yuko nyumbani. Mimi nilijihisi hivyo hivyo, nikakaa miaka mitano. Kwa hiyo sisemi kwa kupachukia.

Sasa sikilizeni. Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni Sheria Namba 5 ya mwaka 1960. Kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili, ambao wao wanauita hak milik, ni wa raia peke yao. Watu wengi wanaishia hapo, halafu wanaanza kutafuta uchochoro. Uchochoro wenyewe umezibwa na kifungu cha 26. Mauzo, zawadi, wosia, au tendo lolote lenye nia ya kumpa mgeni umiliki huo, liwe la wazi au la kuzungukazunguka, ni batili. Ardhi inarudi kwa dola. Na fedha zilizokwisha kulipwa hazidaiwi. Hilo la tatu ndilo ninalowaomba mwende nalo nyumbani: hazidaiwi! Unapoteza shamba na pesa kwa pamoja, na mahakamani huna pa kuanzia.

Najua mtu ataniambia, "Lakini mimi nilipelekwa kwa notari, mwanasheria wa kuandika mikataba rasmi, akaniandikia mikataba mitano." Naijua hiyo mikataba. Mmoja unasema ulimkopesha mwenyeji fedha, mwingine unasema amekupangisha, mwingine amekupa uwakili wa kuuza, na kadhalika. Karatasi tano zimeandikwa ili kuficha jambo moja ambalo sheria imelitaja kwa jina. Siku ya ugomvi, wakili wa upande wa pili anaziweka mezani zote tano pamoja, nazo zenyewe zinatoa ushahidi wa kile ulichokuwa unakificha. Anayefikiri atapita kwenye hisa za kampuni naye asome sheria ya uwekezaji ya mwaka 2007, kifungu cha 33. Kushika hisa kwa jina la mtu mwingine nako ni batili.

Kuna jamaa mmoja, mgeni kutoka Ulaya, nilikuwa nakunywa naye kahawa kila asubuhi. Alikuwa na rafiki wa hapo kijijini, mwongoza watalii, mtu wa kweli kabisa. Alinunua kiwanja kwa jina la rafiki yake huyo, akajenga vyumba vinne vya mbao na mianzi. Walikwenda vizuri kwa miaka sita. Kisha rafiki akafa kwa ajali ya pikipiki barabara ya Medan. Hati ilikuwa ya marehemu, na marehemu ana mke, watoto watatu na ndugu. Kiwanja kikaingia kwenye mirathi. Yule jamaa alikwenda kwa mjane na bahasha ya mikataba kabla hata ya arobaini. Mjane akamwambia, "Nimezika mume, wewe umenijia na karatasi?"

Nikisimulia hapa, watu huguna: kaibiwa. Kaibiwa na nani? Watoto wale wamerithi kilichoandikwa kwa jina la baba yao. Nani kati yetu, baba yake akifa na kuacha hati yenye jina lake, atamkabidhi kiwanja mgeni kwa kuwa kasema ni chake? Nakasirika mtu anaposema wenyeji si waaminifu. Mwaminifu alikufa akiwa mwaminifu. Uaminifu wake haukuweza kuandikwa kwenye hati, basi.

Na wewe uliyeoa huko usidhani umeokoka. Mali mliyochuma ndani ya ndoa huhesabiwa ya wote wawili, hivyo mke wako raia naye anaweza kuipoteza haki yake ya umiliki kwa sababu yako. Mpaka muwe na makubaliano rasmi ya kutenganisha mali. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba katika shauri la mwaka 2015, makubaliano hayo yanaweza kufanywa hata baada ya kufunga ndoa. Nendeni mkayafanye kabla ya kununua chochote.

Watanzania hapa msijifanye mnashangaa. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hakuna kati yetu anayeona hilo ni uonevu. Na ile barua ya serikali ya mtaa ambayo watu wanauziana viwanja kwayo, kule ndugu yake yupo: barua ya camat, mkuu wa tarafa. Inaonyesha nani anakalia eneo. Si hati miliki, hata ikiwa na mihuri mitatu.

Kwa hiyo ufanyeje? Kaa kama mpangaji. Ukiwa na kibali cha ukazi, ipo haki ya kutumia, hak pakai, ya miaka 30, inayoweza kuongezwa 20 na kuhuishwa 30 tena. Kampuni ya kigeni inatakiwa mpango wa uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10, na hapo wengi wenu tunaagana.

Sasa mto. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2003, ikiwa Ramadhani, Bahorok ulishuka kutoka milimani na magogo na matope, ukazoa nyumba za wageni zilizokuwa ukingoni. Watu zaidi ya 200 walikufa. Nyumba zilikuwa ukingoni kwa sababu mgeni anapenda kulala akisikia maji, na leo mgeni ndiye anayeomba kiwanja pale pale. Kanuni zao zinataka mto usio na tuta, nje ya mji, uachiwe mita 50 kila upande, na mto wenye bonde kubwa mita 100. Ukioneshwa kiwanja cha mita kumi kutoka majini, bei yake nafuu ina sababu. Kaa kwanza msimu mzima wa mvua katika chumba cha kupanga. Waulize wazee maji yalifika wapi. Watakuonyesha mti wenyewe.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Safari, basi, kwa haraka. Msituni usiingie bila mwongozaji mwenye leseni. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, hata ya kupokea wageni kwa rafiki. Na orangutani, yule nyani mkubwa mwekundu wa msitu huo, usimlishe, usimkaribie chini ya mita kumi, na ukiwa na mafua baki kijijini. Kituo cha kuwarudisha orangutani msituni kilifunguliwa pale mwaka 1973 na wanawake wawili wa Uswisi, lakini hadi leo orangutani wa Sumatra wamebaki kama 14,000 tu. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kama minane, na mafua yetu yanawaambukiza.

Dada kule nyuma aliyeuliza bei ya ekari: sitaitaja. Nikiitaja, kesho kuna mtu atakata tiketi. Kama unataka kujua kodi ya chumba kwa mwezi, nisubiri mlangoni.